Neno la Mama Nyuma ya Mlango

Kaka yangu alipoitwa jeshini kwa mujibu wa sheria, aliitwa pamoja na kijana wa nyumba ya pili. Walikuwa wamezaliwa mwezi mmoja, wakapelekwa chuo cha Kurani siku moja, na wakamaliza kidato cha sita shule moja. Orodha ya majina ilitoka kwenye simu. Waliisoma wakiwa wamekaa kwenye gogo mbele ya nyumba yetu pale Kinjumbi, simu moja vichwa viwili, na walipoona wamepangiwa kambi moja walipiga kelele kama watu walioshinda mpira.

Mama alikuwa akikuna nazi. Akaacha kukuna, akauliza, "Na asiyekwenda anafanywa nini?"

Kaka akacheka. "Hakuna asiyekwenda, mama. Ndiyo maana ikaitwa mujibu."

Mama wa yule kijana alikuwa somo yake mama. Walichezwa unyago pamoja, na tangu hapo wakaitana somo mpaka uzeeni, wakilima shamba moja la ufuta na kuazimana hata chumvi. Alikuwa mjane. Binti yake mkubwa ameolewa Masoko, kwa hiyo pale nyumbani alibaki na huyo kijana tu. Mimi nilimwita mama mdogo, na kama ungeniuliza utotoni nani amenizaa kati ya wale wawili, huenda ningefikiri kwanza.

Miezi mitatu ile ya mafunzo haikututisha. Vijana walirudi wamekonda, weusi, sauti zimekauka, wakatusimulia mchakamchaka wa alfajiri na jinsi mtu anavyoweza kusinzia amesimama. Tulicheka mpaka machozi. Hofu iliingia siku waliposema kwamba wameomba kubaki. Baada ya muda wakachukuliwa jeshini moja kwa moja, na mwaka mmoja na nusu baadaye tukaambiwa wamepangiwa kwenda nchi ya jirani kulinda amani.

"Amani ikishakuwepo," mama mdogo akauliza, "inalindwa kwa bunduki ya nini?"

Baba alikuwa akishona wavu, akainamisha kichwa zaidi.

Simu kijijini kwetu zilishika mtandao vizuri upande mmoja tu, pembeni ya uwanja wa shule, karibu na goli. Kila Ijumaa baada ya swala mama mdogo alikwenda kusimama pale, na kila Ijumaa mwanawe alimpigia. Namba ilikuwa ndefu, ya ugenini. Alikuwa akimuuliza amekula nini, na kijana alikuwa akimjibu amekula nini, basi. Kaka yangu hakuwa hivyo. Yeye alikuwa amepelekwa kituo cha ndani zaidi, msituni, na simu zake zilikuja zikipenda. Mwaka ule nilipokuwa kidato cha tano, nikarudi likizo nikamkuta mama ana wiki tatu hajasikia sauti yake.

Mama hakusema anaogopa. Alianza kuongea Kimatumbi peke yake akifagia, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Chakula alikuwa akipika, akitupakulia, halafu akikumbuka kazi fulani nje mpaka sisi tumalize. Mimi hofu yangu ilikaa kwenye simu. Siku moja kundi la wanafunzi wenzangu walitumiana picha kwenye simu, askari wamelazwa kwenye majani, nyuso zimefunikwa kwa mashuka. Hakuna aliyejua picha ni ya wapi wala ya lini. Niliikuza kwa vidole nikitazama miguu, mguu mmoja baada ya mwingine, nikitafuta unyayo wa kaka. Ndipo nilipogundua kwamba sijui unyayo wa kaka yangu ukoje. Niliifuta ile picha, nisimwambie mtu, na kwa siku mbili nilikuwa nikitazama miguu ya kila mwanamume aliyepita njiani.

Ulikuwa wakati wa kupiga ufuta. Baba alikuwa dago, kambi ya wavuvi, na kwa kawaida angekaa huko mwezi mzima. Asubuhi ile tulikuwa watatu uani, mimi, mama na mama mdogo, tumetandaza turubai, tunapindua matita yaliyokauka na kuyagongagonga kwa fimbo ili mbegu zidondoke. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akizungumza. Juzi yake, Ijumaa, mwanawe alikuwa amempigia akamwambia wanakula samaki wa kopo, naye alikuwa akituigiza jinsi alivyomcheka: mtoto wa pwani, samaki wa kopo!

Tukasikia gari. Magari hayaingii sana mtaani kwetu, na hili halikuwa na mlio wa gari la mnunuzi wa ufuta. Lilikuja polepole, kama linauliza njia. Lilipojitokeza kwenye kona nikaona rangi ya kijani.

Mama alisimama. Ufuta aliokuwa ameupakata kwenye kanga ukamwagika wote miguuni pake. Hakukimbia. Alitembea hadi ndani, akafunga mlango, nikasikia anaweka komeo. Kisha sauti yake ikatoka kwenye nyufa za mbao.

"Waambieni sipo."

Sote watatu tulijua gari lile limekuja kwa nani. Wiki tatu za kimya zilikuwa zimekwisha kutuambia. Mimi nilibaki nimeshika fimbo ya ufuta. Mama mdogo ndiye aliyejifunga kanga vizuri, akapangusa mikono, akapita mbele yangu kwenda kuwapokea. Naliona hadi leo hilo, jinsi alivyojiweka katikati ya lile gari na mlango wa mama.

Walishuka watu watatu, wawili wamevaa sare. Walikuwa wameuliza dukani nyumba ya mwanajeshi, na mwenye duka akawaelekeza kwetu. Aliyetangulia alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mwenye nyumba hayupo." Aliwatazama usoni mmoja mmoja. "Kama mna habari nipeni mimi. Mimi ni somo yake. Mimi ndiye ninayejua namna ya kumwambia."

Yule afisa alifungua karatasi. Alikuwa kijana, pengine miaka thelathini hivi.

"Tunamtafuta mzazi wa," akasema, akasoma majina matatu.

Jina la kwanza pwani kwetu wanalo watu wengi. Nilisubiri la pili. La pili lilipotoka nilijua, na la tatu lilipotoka mama mdogo alikuwa amekwishakunja uso kidogo, kama mtu anayetaka kusahihisha kosa la kuandika.

"Huyo ni wangu," alisema. "Huyo mbona alinipigia Ijumaa?"

Na hapo, nyuma ya mlango, mama akasema, "Alhamdulillahi."

Hakusema kwa sauti. Lilimtoka kama pumzi ya mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Lakini nyumba yetu ni ya udongo na mlango ni wa mbao zilizoachana, na uani palikuwa kimya. Sote tulisikia. Yule afisa alitazama mlango. Mama mdogo naye aligeuka akautazama, muda mrefu, kisha akarudisha macho kwa afisa.

"Rudia," alimwambia.

Akarudia majina yote matatu, na safari hii akaongeza yale mengine ambayo alikuwa ametumwa kuyasema. Mama mdogo hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya turubai, katikati ya ufuta, akawa anaukusanya kwa viganja, anausogeza upande mmoja.

Nitasema na langu, kwa sababu simwandiki mama peke yake. Mimi nilifurahi. Kitu cha baridi kilinishuka kuanzia kifuani hadi vidoleni, na kilikuwa furaha, siwezi kukiita jina jingine. Kaka yangu ni mzima. Kisha nikamwona mama mdogo na mikono yake kwenye ufuta, nikakimbilia nyuma ya nyumba kuuficha uso.

Nilipozunguka kurudi, mama alikuwa ametoka. Alikuwa amepiga magoti kando ya somo yake akimwita, "Somo, somo," naye mama mdogo hamwitikii.

Mwanawe alizikwa siku ya nne. Alikuja kwa barabara kutoka Dar es Salaam, kwenye sanduku lenye bendera, na askari walioshuka nalo walikuwa rika la kaka. Kiongozi wao alizungumza kando na imamu, na waliporudi tukaambiwa sanduku halitafunguliwa. Mama mdogo alisogezwa karibu. Aliweka kiganja juu ya ule ubao, akakipitisha kuanzia upande mmoja hadi mwingine, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Mwanangu alikuwa mrefu," alisema. "Hili mbona fupi?"

Wanawake tuliokuwa pale tuliacha kulia. Yule askari aliyeshika kona ya bendera aliinua macho akatazama juu ya mapaa. Wakati wa kuzika, sisi wanawake tukiwa tumebaki nyumbani, tulisikia risasi za heshima kutoka makaburini. Kijiji chetu hakijawahi kusikia mlio ule. Watoto walipiga mayowe, kuku wakaruka, na mama alinishika mkono juu ya kiwiko akanikaza hivi kwamba kucha zake ziliniachia alama za siku kadhaa.

Baada ya hapo ndipo hofu yetu ilipokuwa kubwa kuliko mwanzo. Mtu angedhani tungepumua, lakini kaka alikuwa bado kimya. Mama alikuwa na hakika kwamba amemwitia balaa mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. "Nimeshukuru juu ya mtoto wa mtu," alikuwa akisema. "Shukrani ile itanirudia." Alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Kila asubuhi alipika uji akaupeleka nyumba ya pili, na mama mdogo aliupokea kwa mikono miwili akasema, "Ahsante, mama." Hakusema tena somo. Alimwita mama, kama mtu anavyomwita mwanamke aliyekutana naye hospitali.

Mimi nilikuwa nikiogopa kupita mbele ya nyumba ile. Si kwamba mama mdogo alinitazama vibaya. Hakunitazama kabisa.

Simu ya kaka iliingia siku ya kumi na tano baada ya mazishi. Nilikuwa nimesimama karibu na goli nikiwa na simu ya mama. "Niko hospitali," alisema, "lakini mzima, mwambie mama mzima, nimeumia sikio tu." Alikuwa akipiga kelele kama watu wasiosikia vizuri wafanyavyo. Nilimkimbilia mama, aliyekuwa amekaa pembeni ya uwanja, nikampa simu, akaiweka sikioni, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Kaka aliita, "Mama? Mama?" mpaka salio likakata.

Alirudi likizo baada ya miezi miwili. Mimi nilikuwa shuleni, nikaomba ruhusa ya siku tatu nikaja. Nilimkuta chumbani na mama na baba, mlango umefungwa mchana kweupe, akisimulia kwa sauti ya juu ambayo mama alikuwa akijaribu kuituliza kwa mkono. Kituo chao kilikuwa kimezingirwa. Ndiyo maana ya kile kimya. Chakula kiliwaishia, kisha maji. Msafara ukatumwa kuwafikia, na yule rafiki yake alikuwa kwenye gari la mbele.

"Alikuwa anakuja kwetu," kaka alisema. "Alijua niko pale. Aliomba awemo."

Mama alimziba mdomo kwa kiganja, kabisa, kama mtoto mdogo. "Usimwambie. Wallahi usimwambie mama yake. Mwambie ulisikia tu, mwambie hukuwepo. Atakulaani."

Kaka aliushika ule mkono akauteremsha. "Nitamwangaliaje, mama, nimdanganye?"

"Ukiishi utamwangalia tu."

Baba, ambaye katika mambo yote haya hakuwa amesema maneno kumi, akasema, "Mwacheni aende."

Alikwenda baada ya swala ya alasiri. Mama alinituma nimfuate, sijui kwa ajili ya kumzuia au kusikiliza, na nadhani hata yeye hakujua. Mama mdogo alikuwa uani anamenya muhogo. Kaka alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama kwa muda. "Umekonda. Kaa kitako."

Hakukaa. Alibaki amechuchumaa, akamwambia yote, kwa ile sauti yake ya juu ambayo hakuweza kuipunguza, na mimi nimesimama karibu na ua wa makuti, nikihesabu jirani gani anasikia. Mama mdogo aliendelea kumenya. Kaka alipofika pale pa gari la mbele, kisu kikasimama.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, mama. Ni yeye. Mimi ndiye niliyemfumba macho."

"Lile sanduku lilikuwa fupi."

Kaka alitazama chini, baina ya magoti yake. Alikaa hivyo bila kusema kitu, na kadiri alivyokaa kimya ndivyo mama mdogo alivyokuwa akipata jibu, nikauona uso wake ukilipokea.

"Basi," alisema. "Sasa nimejua. Nilikuwa nikifikiri wameniletea wa mtu mwingine. Nilikuwa nikisema yuko mahali, ana njaa." Akafuta kisu kwenye kanga. "Alikuwa anawaletea chakula?"

"Chakula na maji."

"Kilifika?"

"Gari la nyuma lilifika."

"Mkala?"

"Tulikula, mama."

Hapo ndipo mama mdogo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ufuta, kwa sauti, na kaka akamshika miguu akalia naye. Nilihisi mtu pembeni yangu. Mama alikuwa amekuja, hakuweza kungoja. Aliingia uani bila kupiga hodi, akasimama, kanga imemteleza kichwani.

"Somo," alisema. "Lile neno."

"Nililisikia."

"Nisamehe."

Mama mdogo alipangusa uso kwa mkono uliokuwa na maji ya muhogo. "Kaa kwanza," akasema. Mama akakaa mchangani. "Siwezi kukuambia nimelisahau, ningekuwa naongopa. Lakini kila siku ukiniletea uji najiuliza, gari lingesimama kwangu, mimi niko ndani, likaita jina la mwanao, mimi ningesema nini? Najiuliza hivyo kila siku. Na kila siku jibu linakuja lile lile." Akamsogezea mama sinia la muhogo na kisu cha pili. "Tumenye. Watoto hawajala."

Mwaka uliofuata nikamaliza kidato cha sita, na jina langu likatoka kwenye orodha. Mama alitaka nipate barua ya daktari. Alitaka niolewe, hata kwa posa ambayo mwanzo aliikataa mwenyewe. Akaenda kumwomba mama mdogo anishauri, naye akasema, "Katika hili mimi simo," akaingia ndani. Baba ndiye aliyeninunulia raba.

Nilikaa kambini miezi mitatu. Mbio nilizizoea, njaa niliizoea, hata kupigiwa kelele nilizoea. Bunduki sikuizoea. Siku ya shabaha, kila mlio uliolipuka kwenye ule mstari nilikuwa nikikiona kiganja cha mama mdogo kinavyopita juu ya ubao. Nililala kifudifudi, kitako cha bunduki begani, nikafumba macho mawili. Mkufunzi wangu, mwanamke, alinipiga kofi la kisogo. "Fumbua macho, binti! Unayemwogopa hayuko mbele yako!" Nikafumbua, nikapiga, na sijui risasi zangu zilikwenda wapi. Siku ya mwisho walituuliza nani anapenda kubaki, asogee hatua moja mbele. Wa kulia kwangu alisogea. Wa kushoto alisogea. Mimi nilibaki pale pale, jasho linanitiririka mgongoni, naogopa hata kuyumba, mguu wangu usije ukahesabiwa.

Sasa nafundisha shule ya msingi huko Kikole. Kaka alipona sikio kwa kiasi, akarudi kazini, na mwaka huu ametumwa tena, nchi nyingine. Hakutuuliza. Mama hunipigia simu kila Ijumaa, na siku hizi hasubiri hata nimwamkie. Nikipokea tu, jambo la kwanza analolisema, haraka, kabla moyo wangu haujaanza mbio, ni, "Hakuna habari." Ndipo naweza kumwambia shikamoo.